Kupamba Nyumba Kuukuu kwa Desturi ya Waswidi

Jioni hii nimeombwa kuzungumza nanyi habari za nyumba na mapambo yake, nami nimechagua nyumba iliyo mbali sana na kwetu: nyumba ya magogo ya Uswidi, kaskazini ya Ulaya, iliyojengwa miaka mia au mia mbili iliyopita. Nataka kueleza jinsi ya kuitia vyombo na kuipamba kwa desturi ya wenyeji wake. Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi? Namjibu kwamba siku hizi wako jamaa zetu wasemao Kiswahili, watokao Burundi na Kongo na pwani yetu, wanaokaa Uswidi na kulea watoto wao huko. Na nyumba kuukuu za mashamba aghalabu hupatikana kwa bei ndogo kuliko za mjini. Lakini hata yule asiyetazamia kuiona nchi hiyo maishani mwake, naona atafaidika akijua kwa nini watu walipanga vyombo vyao hivi na si vile.

Nilipowauliza wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, mtu akipewa nyumba kuukuu aanze na kazi gani, karibu wote walijibu kwa sauti moja: "Aipake rangi." Jibu hilo hutolewa duniani kote, nalo limeharibu nyumba nyingi. Ndilo nitakalolipinga jioni hii.

Tena wengi wetu tumepata kuona picha katika magazeti: chumba cheupe, viti vyeupe, ua moja ndani ya chupa, wala hapana kingine. Twaambiwa, hiyo ndiyo desturi ya Uswidi. Mimi nasema hiyo ni nusu tu ya habari, na labda si nusu iliyo bora. Katika nyumba za kale za nchi ile mlikuwa na wekundu kama wa damu, na kijani, na buluu nzito, na maua makubwa kuliko kichwa cha mtu yaliyochorwa ukutani. Weupe una sababu yake, nitaifikia.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Mjini Stockholm, katika mwezi wa Desemba, mchana huwa wa saa sita hivi tu, na jua hupita chini chini kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Kaskazini zaidi yako majuma ambayo jua halichomozi kabisa. Maziwa huganda, theluji hufunika njia. Misitu ya misonobari nayo haina mwisho. Basi mti ni mwingi, mwanga ni haba, na pasipo moto hapana uhai. Kila chombo nitakachokitaja kimetokana na mambo hayo matatu, na mtu akisahau hayo ataweka kila kitu mahali pasipokuwa pake.

Nyumba yenyewe ni magogo yaliyochongwa, yakalazwa moja juu ya jingine, na pembeni hukatwa mapengo ili gogo liume gogo lenziwe. Kati ya gogo na gogo hushindiliwa makapi ya kitani au majani laini ya mwituni yaotayo juu ya mawe, ili upepo usipite. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa ukavu. Shikeni neno hilo, maana nitalirudia.

Nje, nyumba hupakwa rangi nyekundu iliyo maarufu sana, nayo hutoka katika machimbo ya shaba ya Falun, jimbo la Dalarna. Machimbo yale yalichimbwa kwa muda wa miaka elfu hivi, yakafungwa mwaka 1992, na mwaka 2001 yakaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Pembeni mwa machimbo yalirundikana mawe na udongo usio na shaba ya kutosha. Ukakaa juani na mvuani miaka mingi, ukapata kutu. Udongo huo wenye kutu husafishwa, huchomwa motoni mpaka ukaiva wekundu, husagwa, kisha huchemshwa pamoja na maji, unga wa nafaka iitwayo rai iliyo ndugu ya ngano, mafuta ya kitani kidogo, na chumvi ya chuma itokayo katika kibiriti na chuma. Ni uji kamili! Hata leo rangi hiyo yatengenezwa kwa udongo wa marundo yale yale.

Mwanzoni haikuwa rangi ya maskini. Katika karne ya 16 mfalme Johan III aliitaka kwa paa la ngome yake, na wakubwa waliipaka nyumba zao za mti ili zifanane na nyumba za matofali walizoziona katika nchi nyingine. Wakulima wengi waliipata katika karne ya 19 tu. Basi ile nyumba nyekundu ya shambani, ambayo leo yaonekana kuwa unyenyekevu wenyewe, ilianza kwa kujifanya matofali. Silisemi hili kwa dhihaka. Watu wote huiga. Wema wa kuiga ni pale mwigaji anapotumia kilicho chake, nao walitumia taka za machimbo yao.

Faida kubwa ya uji huo ni kwamba hauzibi mti. Hauwi ngozi juu ya ukuta. Huingia na kushika, na unyevu hupita. Ukichakaa baada ya miaka kumi au zaidi, hupigwa brashi kavu, ukapakwa mwingine. Nguo nyeusi ikigusa ukuta itapata vumbi jekundu, na mwenye nyumba huwaambia wageni, angalieni.

Katika miaka ya 1960 na 1970 zilikuja rangi za plastiki. Watu walifurahi: hazichafui nguo, zang'aa, zimo tayari ndani ya kopo. Wakazipaka juu ya magogo yaliyovuta pumzi miaka mia mbili. Maji yakaingia kwa ufa mdogo, yasione njia ya kutoka. Na nyuma ya ngozi ile nzuri mti ukaoza kimya kimya. Mwenye nyumba alipogonga kwa kidole akasikia sauti ya kibuyu. Nyumba zetu za mawe za Unguja na Lamu zimepatwa na jambo lilo hilo, kuta za chokaa zilipopigwa saruji juu; maradhi ni yale yale ingawa mgonjwa ni mwingine. Kwa sababu hiyo nilikataa jibu la wanafunzi wangu. Kabla ya kupaka, mtu na aulize ukuta huu umezoea kula nini.

Sasa tuingie ndani.

Kitu cha kwanza kutazamwa ni dirisha. Mwanga ukiwa haba, dirisha ni mali. Waswidi wa kale hawakuning'iniza mapazia mazito. Walitundika kitambaa chembamba cha kitani, au wasiweke kitu, wakapanga vyungu vya maua juu ya kizingiti. Vioo vya zamani vilipulizwa kwa mdomo, kwa hiyo vina mawimbi madogo, na ukitazama nje miti yaonekana kama imo majini. Msiving'oe. Wakati wa baridi huongezwa dirisha la pili kwa ndani. Nyufa hubandikwa karatasi, na kati ya dirisha na dirisha huwekwa pamba, au majani meupe ya mwituni yanywayo unyevu, na juu yake maua makavu. Mtu asiyejua hudhani ni pambo tu.

Weupe nilioutaja una kazi ile ile ya kuhifadhi mwanga. Dari hupakwa rangi ya chokaa laini ya chaki iliyochanganywa na maji na gundi, isiyong'aa hata kidogo, nayo hutawanya mwanga taratibu chumbani kote. Vioo vya kujitazamia vilitundikwa kati ya madirisha, na vishikio vya mishumaa vikawekewa bamba la shaba ya manjano au kioo nyuma, ili mshumaa mmoja uwe kama miwili. Mwenye kuweka mshumaa mbele ya ukuta mweusi alikuwa akiunguza fedha.

Baada ya dirisha ni jiko. Zamani moto uliwaka katika meko wazi, na sehemu kubwa ya joto ilipanda angani kwa dohani. Kuni zilianza kuwa shida hata katika nchi ile ya misitu, maana tanuri za madini zilikula miti bila kushiba. Mwaka 1767 watu wawili, Carl Johan Cronstedt na Fabian Wrede, walipewa kazi ya kutafuta jiko lisilopoteza kuni. Wakaupitisha moshi katika njia zinazopanda na kushuka ndani ya matofali kabla ya kuuacha utoke, hata matofali yakashika joto lote. Jiko likiwashwa asubuhi lilikuwa vuguvugu hata usiku. Nje likavikwa vigae vyeupe, au vyenye maua ya buluu, likasimama kama nguzo kubwa pembeni mwa chumba.

Jambo hilo lilibadili upangaji wa vyombo kuliko mafundi wote wa mapambo. Mbeleni watu walijikusanya mbele ya meko, uso ukiungua na mgongo ukiganda. Sasa chumba kizima kiliweza kukaliwa wakati wa baridi, na kiti kikaweza kusogezwa dirishani. Mkipata nyumba yenye jiko la namna hiyo, msilivunje ili kupata nafasi ya kabati. Wala msiliwashe kabla ya kumwita mfagia dohani aliyeidhinishwa kulikagua, maana ufa usioonekana huteketeza nyumba nzima.

Katika nyumba za wakulima, vyombo vingi vya kale havikuhamishika. Benchi lilifungwa ukutani na kuzunguka chumba. Meza ndefu ilikaa pembeni. Kitanda kilijengwa kama kabati, chenye milango au pazia, ili joto la walalao lisitoroke. Na kabati la vyombo lilikuwa sehemu ya ukuta. Katikati pakabaki wazi. Palikuwa mahali pa kazi: kitanda cha mfumi kilisimama hapo miezi ya baridi, na wanaume walichonga mipini na vijiko. Mtu apendaye kupanga chumba cha namna hiyo leo na asogeze vyombo kwenye kuta, aiache sakafu ionekane. Wengi hushindwa na jambo hili rahisi, kwa kuwa uwazi huwatia hofu, wakaujaza kwa viti.

Vyombo vilivyohamishika vilikuwa na kazi mbili mbili. Kulikuwa na benchi la jikoni ambalo usiku sehemu yake ya chini huvutwa kama mtoto wa meza, likawa kitanda cha watoto wawili. Kulikuwa na meza yenye mbawa, ambayo mbawa zikishushwa haichukui nafasi kuliko ubao uliosimamishwa. Saa kubwa za kusimama, zenye kiuno chembamba na tumbo nene kama bibi aliyevaa gauni, zilitengenezwa katika mashamba ya Mora huko Dalarna katika karne ya 18 na ya 19. Jamaa hii walifanya sehemu hii, jamaa ile sehemu nyingine, na ardhi yao ndogo isiyotosha kuwalisha ikapata msaada. Saa za bei ndogo kutoka Marekani na Ujerumani ziliiua kazi hiyo. Mwenye kuipata moja leo na aiweke pale ilipo na rangi yake kuukuu, hata kama imebanduka.

Sasa nafika kwenye mapambo ya kuta, nami nikiri napenda sehemu hii kupita zote. Kusini mwa nchi, kuta zilikuwa tupu na nyeusi kwa moshi karibu mwaka mzima. Lakini Krismasi ilipokaribia, mama wa nyumba alifungua kasha, akatoa vitambaa virefu vilivyochorwa, akavitundika kuzunguka kuta na hata juu chini ya paa. Sikukuu zilipokwisha alivikunja akavirudisha. Mkulima na watoto wake walikaa siku chache katika nyumba nyingine kabisa. Michoro ilikuwa hadithi za Biblia: wanawali kumi, mamajusi watatu juu ya farasi. Na wanawali wale walivaa nguo za vijiji vya Uswidi, na mamajusi walikuwa na buti ndefu.

Huko Dalarna wachoraji walichora ua moja kubwa la ajabu, lenye majani juu ya majani, likipanda kama moshi nyuma ya watu na farasi. Laitwa kurbits. Neno hilo ni jina la mmea wa jamii ya maboga, nalo lakumbusha ule mmea uliomtilia Yona uvuli nje ya Ninawi, ambao Biblia yetu ya Kiswahili yauita mtango. Mmea uliokauka kwa siku moja katika kitabu cha Yona umestawi miaka zaidi ya mia mbili juu ya makabati ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona.

Wachoraji hao walitoka kwao kwa miguu, wakibeba rangi zao, wakaenda jimbo la Hälsingland ambako wakulima walitajirika kwa kitani na misitu. Wakulima wale walijenga nyumba kubwa, na ndani yake vyumba, wakati mwingine nyumba nzima, kwa ajili ya arusi na karamu tu. Mchoraji alipewa chakula na malazi, akapaka kuta zifanane na hariri ya mfalme au marumaru, ingawa chini yake ni mti wa msonobari. Saba kati ya nyumba hizo ziliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2012. Zilidumu kwa sababu vyumba havikutumika: hakuna mtoto aliyekwaruza, hakuna moshi. Sijui kama nisifu ama nicheke, mtu kulala na watoto wake sita chumba kimoja, na vyumba vizuri vimefungwa vikingoja arusi. Lakini na kwetu wako wenye sahani zisizoliwa.

Asiyeweza kulipa mchoraji alikuwa na njia mbili. Moja ni kukata ua katika karatasi ngumu, kuibandika ukutani na kupiga rangi juu yake, kisha kusogeza na kurudia. Ya pili ni kuchovya ufagio wa vijiti katika rangi na kuupiga juu ya fimbo, rangi ikaruka matone matone ukutani. Njia hiyo ya pili kila mtu aweza kuifanya leo. Atumie rangi mbili, moja nyeusi kidogo na moja nyeupe, juu ya kijivu. Ajaribu kwanza juu ya ubao, maana mkono mzito hufanya madoa badala ya matone.

Juu ya wakulima kulikuwa na mtindo wa wakubwa, nao nitaupita upesi kwa kuwa umesifiwa sana. Gustav III alikuwa Paris aliposikia habari ya kufa kwa baba yake mwaka 1771, akarudi kwao mfalme, na macho yake yamejaa mambo ya Ufaransa. Alitawala mpaka alipopigwa risasi katika dansi ya vinyago mwaka 1792. Viti vya wakati wake vina miguu iliyonyoka yenye mifereji na mgongo wa duara refu. Wafaransa walipaka dhahabu. Waswidi walipaka kijivu cha lulu, au buluu iliyofifia, juu ya mti wa kwao. Kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe kikafunika kiti. Vilikuwa vya rahisi kuliko vya Paris, na kwa maoni yangu vyapendeza zaidi.

Miaka mia moja baadaye mitindo hii yote ilikuwa imedharauliwa. Watu wa mjini walijaza vyumba vyao mahameli, mapazia meusi na viti vilivyojaa manyoya, hata mtu akakosa pa kupita. Ndipo walipotokea mume na mke, Carl na Karin Larsson, wote wawili wachoraji. Carl alizaliwa mwaka 1853 katika umaskini mkubwa wa Stockholm. Mama yake alifua nguo za watu. Karin alikuwa mtoto wa mfanyabiashara. Walioana mwaka 1883, na mwaka 1888 baba yake Karin akawapa nyumba ndogo ya magogo katika kijiji cha Sundborn, karibu na machimbo yale yale ya Falun niliyoyataja.

Hawakuibomoa. Waliiongeza chumba baada ya chumba kwa kadiri watoto walivyozaliwa, na seremala wa kijiji akawafanyia kazi. Chumba cha kulia wakakipaka wekundu na kijani. Viti vya kale vya mtindo wa Gustav, vilivyokuwa vimetupwa na wengine, wakavipaka vyeupe na kuvivika kitambaa cha mistari. Sakafuni wakatandika mazulia ya matambara. Carl alichora vyumba hivyo na watoto wake wakicheza ndani, na mwaka 1899 akatoa kitabu chenye picha 24 kiitwacho Ett hem, maana yake Nyumba ya Jamaa. Kitabu hicho kilienea Ulaya, na watu wengi wanaposema mtindo wa Uswidi, hata bila kujua, wasema habari za Sundborn.

Jina la Carl li juu ya jalada. Walakini vitambaa vya mezani, matandiko, mapazia na viti vingi vilibuniwa na Karin, ambaye aliacha kuchora picha akakaa kwenye kitanda cha mfumi. Alifuma pazia la mlango kati ya chumba chake na cha mumewe, akaliita Ua la Mapenzi. Kwa miaka mingi watu waliusifu mkono wa mume kwa kazi ya mkono wa mke. Siku hizi habari imenyoshwa, na nyumba ile iliyo mikononi mwa wazao wao hufunguliwa kwa wageni.

Hapa msikilizaji mwenye akili ataniuliza: je, maisha ya nyumba hizo yalikuwa mazuri kama picha? Hayakuwa. Mwaka 1938 mwandishi mmoja wa Uswidi, Ludvig Nordström, alizunguka mashambani kwa motokaa, akaeleza katika radio aliyoyaona: vyumba vyenye unyevu, vyoo vibovu, watoto waliolundikana kitandani, kifua kikuu. Akaiita Uswidi ya uchafu, na wananchi wengi walikasirika kusikia. Kati ya mwaka 1965 na 1974 serikali ilijenga nyumba mpya zipatazo milioni moja, na watu waliohamia humo wakakuta maji ya moto bombani na choo ndani. Hakuna haki ya kuwacheka kwa kuacha nyumba zao nyekundu. Bibi aliyebeba ndoo za maji katika theluji miaka arobaini hakuona uzuri wowote katika ndoo. Lakini wakati huo huo maduka na nyumba za mti katikati ya miji mingi zilibomolewa, zikiwamo nyingi zilizoweza kuponywa. Na mafundi wenye ujuzi wakazeeka bila wanafunzi.

Basi mwenye nyumba kuukuu leo yu kati ya mambo mawili. Na atie maji, umeme na choo, wala asione haya. Lakini avitie mahali ambapo havitakata magogo, na aviweke ili vyaweza kutolewa tena bila jeraha. Paa litangulie yote, na mifereji ya kuondoa maji ya mvua. Kisha akae. Nasema akae mwaka mzima asipake kitu, aone jua laingia dirisha gani mwezi wa Machi, na upepo wapita wapi mwezi wa Novemba.

Sakafu ya mbao pana isipelekewe mashine ya msasa haraka, wala isipakwe vanishi. Desturi ni kuisugua kwa sabuni laini na maji, brashi ikifuata urefu wa ubao, mara kwa mara, miaka nenda miaka rudi. Sabuni hujaza vinyweleo vya mti, sakafu ikawa nyeupe na laini kama mfupa, hata uchafu ukakosa pa kushika. Siku za karamu walinyunyiza juu yake vijiti vya msonobari vilivyokatwa vidogo, ili chumba kinukie. Mazulia ya matambara hufumwa kwa nguo zilizochakaa, zikikatwa vipande vyembamba virefu. Shati la baba na gauni la mtoto vyaweza kuonekana katika mstari mmoja. Yalienea hasa mwishoni mwa karne ya 19, pamba ilipokuwa rahisi.

Vyombo vya kale vilivyopakwa rangi visitiwe katika dawa kali ya kuondoa rangi. Katika miaka ya 1970 ilikuwa mtindo kuyatosa makabati katika dawa hiyo ili mti uonekane, na maua ya miaka mia yakateremka na maji mferejini kwa saa moja. Fundi wa kale hakukusudia kamwe mti wake wa msonobari uonekane uchi. Alichagua ubao wa kawaida kwa kuwa alijua utafunikwa. Osha kwa kitambaa na maji kidogo, na rangi ikibanduka, iache. Ukihitaji kupaka upya madirisha na milango, tafuta rangi ya mafuta ya kitani, uipake nyembamba sana, nyembamba kuliko unavyodhani, na uvumilie ikauke. Matambara yenye mafuta hayo yasilundikwe, maana hujichoma yenyewe, yatie majini.

Na kuhusu kuta, ukianza kubandua karatasi za mapambo utakuta nyingine chini yake, na chini ya hiyo nyingine, labda saba au nane, na mwisho magazeti ya kale yaliyobandikwa juu ya magogo ili kuzuia upepo. Soma tarehe. Kata kipande cha kila tabaka ukihifadhi, au uache sehemu ndogo ndani ya kabati kama ilivyo, tabaka zote zikionekana kama ngazi. Kisha chagua ile inayopatana na umri wa chumba. Wako watengenezaji wanaochapa tena michoro ya zamani, na kitabu cha vipande vyao chaweza kuombwa kwa posta. Bandika juu ya karatasi nene isiyo na plastiki, kwa gundi ya unga, wakati ambapo jiko halijawashwa. Maana ukuta ukikauka kwa haraka karatasi hupasuka pembeni, na kazi yote ikaanza upya.

Muda niliopewa umekwisha.